Foleni Iliyojizunguka Tunduma

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Mgongo umepoa? Na miche ya kahawa niliyoiacha kitaluni imeshika? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo hautulii. Humu uwanjani tumezimishwa simu kwa sababu ya mafuta, ndiyo maana nampa mnunuzi wa kahawa barua hii aje nayo Ibaba. Nataka umzuie mke wangu, Subira, asimlete mtoto Tunduma kunitazama.

Malori ya mafuta tumeyaegesha ovyo ovyo, tukisubiri kuvukia Zambia. Foleni yetu ni ya mdomo. Ukiingia unauliza, "Wa mwisho nani?" Ukionyeshwa, unalikariri lori lake; likiondoka, zamu ni yako. Anayeruka foleni anavunjiwa kioo.

Basi ghafla hakuna aliyesogea. Tukasema Zambia wamefunga. Mlinzi akacheka, "Geti lipo wazi, ninyi ndio hamji!" Wakati huo lori la Mzee Nzunda lilikuwa linadondosha petroli kwenye koki, na mama lishe anakaanga samaki jirani yake. Tulimfukuza, akarudi. Anasema tutakula nini.

Mama, niliogopa. Nikatoka na dereva mwenzangu, Simkonda, kuifuata foleni kutoka mkiani, kila dereva tukimuuliza yuko nyuma ya nani. Miguu yangu unaijua. Simkonda akaniacha mbali, nikajua ataningojea getini. Mara nikaguswa bega kutoka nyuma, kumbe ni Simkonda.

"Wewe! Mbona nimekukuta tena?"

Hakuna kati yetu aliyegeuka njiani. Foleni ilikuwa inajizunguka yenyewe, kila mtu anamngoja mwenzake.

Tukazunguka tena, safari hii tukisikiliza vizuri, tukakuta lori moja linatajwa na madereva wawili. Mwenye lori hilo alitoka na tairi kwenda kuziba pancha, lori likabaki palepale, na aliporudi akashika mkia kama mgeni. Aliyeingia baadaye akajipanga nyuma yake, sawa. Lakini Mzee Nzunda, aliyekuwa nyuma yake tangu mwanzo, naye bado alikuwa anamngoja.

"Mzee, achana na huyu," Simkonda akamwambia. "Wa mbele yenu wote wameshavuka. Wa kwanza ni wewe."

Mzee akasita, anaogopea kioo chake. Ikabidi tumtangulie kwa miguu hadi getini, tukipiga kelele kwamba ni zamu yake.

Lori lilipoondoka, udongo ulikuwa umelowa hadi kwenye majivu ya lile jiko.

Sasa tunasogea. Lakini harufu haijaisha, Mama. Nimekagua koki yangu, kavu. Ya Simkonda, kavu. Na mama lishe amewasha tena.

Nisalimie baba mdogo anayepiga kengele ya kanisa, na dada Tusekile, mshonaji wetu. Mwambie gauni la mtoto lisubiri. Kama Subira ameshapanda gari, mpigie ashuke njiani, pale Mpemba, alale kwa shangazi. Huku asifike.

Mwanao anayekuwaza,
Daudi