Kwaheri ya Jumamosi

Kyela, Jumamosi usiku

Kumbe kwaheri ya Jumamosi haikuwa na maana yoyote. Kila Jumamosi bosi anatupa mkono na kutuaga kama watu walioacha kazi, halafu Jumatatu anatupokea upya ghalani kubeba magunia ya kakao. Alidhani kibarua anayeanza upya kila wiki haingii kwenye hesabu za kodi.

Jana afisa wa kodi, mama mmoja mpole, alikuja kumwelimisha. "Hata kibarua anahesabiwa, baba. Wakifika kumi, tozo ya mafunzo ya ufundi unailipa wewe, mfukoni mwako. Usiwakate wao."

Mwenzetu Anyosisye akacheka. "Bosi, umetuaga bure miaka yote hii!"

Tuko kumi. Nilimwona bosi akitutazama mmoja mmoja. Wenzangu wote ni wa hapa hapa, wa Ikolo na Ngana, ndugu zake au majirani. Mimi nimetoka Singida.

Leo jioni katupa mkono kama kawaida. Wenzangu kawaambia, "Ndaga, tuonane Jumatatu." Mimi kaniambia ndaga tu, yaani asante kwa Kinyakyusa, na mkono wangu hakuuachia upesi.

Sisikii uchungu. Nimefua shati la kazi, nimelianika. Sijui kwa nini.