Neno Lililofichwa Upande wa Pili

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini wewe, shemeji na watoto mko salama, na kwamba mguu wa baba umepoa. Mimi ni mzima, ila nina usingizi wa wiki nzima.

Uliniuliza uchambuzi wangu wa mwisho pale chuoni ulikwendaje. Nilichagua kile kitabu cha picha alichotusomea mama hadi jalada likang'oka, cha bata anayetafuta kofia. Mhadhiri alicheka, akasema pale hakuna cha kuchambua, ni vina tu vya kubembelezea watoto. Nikamwomba anisikilize kwanza.

Basi siku yenyewe nikasimama mbele ya wenzangu. Kigugumizi changu unakijua. Nikaeleza, kwa kukwamakwama, kwamba mtunzi hamalizi ubeti chini ya ukurasa; neno la mwisho analificha upande wa pili. Mtoto ameshapewa kina, kwa hiyo analitafuta mwenyewe kabla karatasi haijageuzwa, na akilipata anajiona naye ni mtunzi. Kisha nikawasomea:

Kachungulia mtungi, kachungulia kapuni,
Kofia haikuwemo, ilikuwapo...

Hapo ulimi ukaganda. Neno likanikaa kooni kama mfupa. Nimekodoa macho, mkono umeshika ukurasa, darasa zima linanitazama. Ghafla wakapaza sauti kwa pamoja: "Kichwani!" Wakaangua kicheko, hata mhadhiri. Akasema hajawahi kuona mtu akithibitisha hoja yake kwa kunyamaza. Nikamwambia ukweli, kwamba sikunyamaza kwa makusudi, nilikwama. Akajibu kuwa hoja imesimama vilevile.

Unajua ninavyochukia mtu kunimalizia neno. Siku ile sikuchukia, dada. Kitabu chenyewe ndicho kilichowaita.

Sasa keti kwanza. Ile kazi ya stoo mliyonitafutia, mkisema haina maneno mengi, nimeikataa. Niliomba kufundisha darasa la kwanza, wakanikubali, na nimeshaanza. Naogopa, sikufichi. Jana nilikwama kwenye jina la mtoto mpaka akajitaja mwenyewe. Lakini kila asubuhi, hata mkoba sijauweka chini, wananivuta sketi wanataka bata.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Baba mwambie Jumapili nitampigia mimi mwenyewe. Nikichelewa kutoa neno, asidhani mtandao umekatika.

Mdogo wako akupendaye,
Chiriku