Boga la Kijani Dirishani

Zuwena, shoga yangu,

Limeingia dirishani! Boga lako la kijani limo kwenye dirisha la maktaba yetu, mbele kabisa, na kila anayekwenda stopu ya basi lazima alione. Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu nakujua, ungenikatiza tu: "Raya, nipe habari, salamu tutapeana baadaye." Haya, habari ndiyo hiyo. Sasa assalaam alaykum, tulia nikuhadithie.

Tangu ututoke, fleti yako wameingia watu wengine, mume na mke vijana, hata pazia hawajatia. Binti yako Nasra hajambo, kahamia Tooting, hapa hapa London, karibu na kazini kwake, na kila Ijumaa ananipigia simu kuniuliza kama nimekula, kama kwamba mimi ndiye mtoto. Na pale ukumbini kwetu Hounslow, siku zetu za kufuma za Jumanne, kile kiti chako cha karibu na hita amekikalia Bi Mwanajuma. Kakikalia na mkoba wake juu! Nilitaka kumwambia neno, nikaenda zangu kumimina chai, maana mwenyewe ungecheka.

Unaikumbuka ile Oktoba ya mwisho tuliyokuwa pamoja? Maktaba iliomba kila kikundi cha mtaa kipeleke boga la kufuma, la kupambia dirisha siku za Halloween, wanapochonga maboga sura za kutisha. Ukumbi mzima ukaanza kunong'ona, ati mambo ya mashetani hayo, na Bi Mwanajuma ndiye aliyekuwa mbele. Wewe hukuinua hata kichwa. Ulisema, "Boga halina dini, lina mbegu tu," ukachukua sindano yako ya kulabu ukaanza. Sura ya kutisha ulisema hutoiweka, na hukuiweka.

Ulilifanya kwa njia yako, ile ya kofia. Wenzetu wa hapa wanafuma kipande cha mraba, wanakishona, wanakikusanya juu na chini. Wewe ulianza utosini kama unamfumia mtoto mchanga, ukapanua, ukateremsha kuta, ukaanza kubana chini, ukajaza soksi kuukuu, ukafunga. Halafu ukapitisha uzi mnene kutoka juu mpaka chini, ukauvuta kwa nguvu, mara upande huu, mara upande ule, mpaka likafanya mabonde. Kikonyo ukakifuma kwa uzi wa kahawia. Na rangi ukatia kijani chenye michirizi myeupe, maana sisi boga tunalolijua ni la kijani. Rangi ya chungwa unakutana nayo ukishatia kisu.

Basi yule Margaret, mama wa Kiingereza anayepanga dirisha, akaligeuzageuza, akatabasamu, akatuuliza kama ni tikiti maji. Tikiti maji! Tukamwambia ni boga. Akasema ni zuri sana, kisha akaliweka kwenye rafu ya ndani, nyuma ya mashine ya kutolea kopi. Dirisha likajaa maboga ya rangi ya chungwa, yote meno nje.

Ulikwenda ukalichukua mwenyewe. Ndani ya basi ulilipakata kwenye mfuko wa plastiki, ukawa unatazama nje, ukaniambia, "Raya, tumekuja hapa wasichana, baada ya Mapinduzi, tumezeekea hapa. Na boga langu bado mgeni." Ulipofika nyumbani ukalifumua lote. Na kabla baridi haijesha ukatuacha.

Siku ya hitma yako Nasra alinivuta jikoni akanipa kapu lako. Juu kabisa lilikuwapo donge la ule uzi wa kijani, umejikunjakunja kama nywele zilizosukwa zikafumuliwa, na sindano yako imechomekwa pale pale. Wallahi nililia, sambusa ziko motoni na watu wananisubiri. Zikaungua. Na pale pale nikaapa: boga hili litaingia dirishani, hata kama ni la kulipigania.

Lakini shoga, unanijua. Miaka yote Jumanne mimi ndiye mmimina chai na msema ovyo, sindano sikushika. La kwanza nililolifuma lilikuwa kama soksi ya mtu aliyevimba mguu. La pili lilijikunja likagoma kusimama. Nikalifumua, nikaanza tena, uzi ule ule, unanikwama kwenye vidole. Bi Mwanajuma alinitazama wee, mwisho akashindwa. Akanipokonya sindano: "Lete hapa, unamfedhehesha marehemu!" Akanionyesha namna ya kupanua, kila mzunguko anasema astaghfirullah, kila mzunguko anaurudia vizuri zaidi. Sikucheka. Nilijiuma ulimi mpaka nikasikia maumivu. Basi tukalimaliza hivyo, mimi nafuma, yeye anatubu.

Lilitoka zuri, Zuwena. Lilikaa kitako lenyewe. Nikalipeleka maktaba nimejifunga baibui langu jipya, na Margaret akalipokea kwa mikono miwili. Akasema limemfurahisha. Halafu akaniuliza kwa upole kama ningeweza kufuma jengine, la rangi ya chungwa, ili watu walitambue.

Mori ulinipanda! Nilitoka, nikapanda basi mpaka Southall, nikaingia kwenye lile duka la mboga la pembeni, lile ulilokuwa ukigombana nao juu ya nazi. Nikachagua boga la kijani, zima, lenye michirizi, nikamwambia kijana alikate kipande kimoja tu, linalobaki alifunge. Nikalipakata njia nzima. Zito! Mwanamke mmoja akaniinukia nikae, kanidhani mgonjwa. Nikarudi maktaba, nikalitua juu ya meza ya Margaret, na mkono umekufa ganzi. Lako nikaliweka ubavuni mwake.

Yalikuwa sawasawa. Michirizi ile ile, mabonde yale yale, mpaka kikonyo kilivyopinda. Nikatoa kile kipande kilichokatwa, nikamwonyesha ile rangi ya chungwa ya ndani, inang'aa, na mbegu zimening'inia. Margaret akagusa la kweli, akagusa lako. Akasema, "Samahani, Raya. Sikujua." Lazima nimpe haki yake: hakujitetea hata kidogo. Alikwenda mwenyewe dirishani, akayasogeza yale yenye meno, akaliweka lako katikati.

Nilisimama njiani nje ya kioo kama mwendawazimu, nalia na kucheka. Na shoga, sikuwa peke yangu. Alikuja mzee mmoja Singasinga, kilemba cha buluu, mkongojo mkononi, akasimama kando yangu. Akalitazama, akasema peke yake, Kiswahili safi, "Malenge! Malenge ya nyumbani kabisa!" Kumbe amezaliwa Kisumu, na boga kwao ni malenge. Aliniambia mama yake alikuwa analipika na viungo, na kwamba hajalitamka neno lile kwa miaka. Alitaka kujua nani kalifanya. Nikamhadithia habari zako mpaka basi lake likampita, na hakujali.

Lile la kweli sikulitupa, usiogope. Nililipika na nazi, iliki na sukari kidogo, nikalipeleka ukumbini Jumanne. Bi Mwanajuma alirudia sahani akasema halina ubaya. Mabibi wote sasa wanataka kufuma la kwao. Kelele tupu, nyuzi za kijani kila kona, na mimi, Raya huyu huyu, ndiye mwalimu! Siringi. Naringa kidogo.

Nimebakisha jambo moja, nalo nimeliweka mwisho makusudi. Kila boga pale dirishani lina kadi yake. Margaret aliniita akaniuliza aandike jina gani, la kikundi au langu. Nikampa lako. Akaandika taratibu, kila herufi ananiuliza. Kisha akaniuliza, aandike pia "kutoka Zanzibar"? Nikafikiri kidogo. Zanzibar inakujua, haina haja ya kadi. Nikamwambia hapana, andika: Zuwena Salim, wa Hounslow.

Akaandika hivyo hivyo. Kwa wino mweusi, herufi kubwa.

Sasa naagana nawe, shoga yangu wa roho. Nakuahidi, maadamu vidole vyangu vinakunja, hautopita mwezi wa Oktoba dirisha lile likakosa boga lako, na siku vikigoma nitakuwa nimeshawafundisha watakaoendelea. Mola akutilie nuru huko uliko, akupe kivuli na akupe raha. Lala, Zuwena. Hapa kwenu jina lako linasomwa.

Shoga yako,
Raya