Kajoli na Ng'ambo Mbili za Bwawa

Kijijini, tarehe 6 mwezi wa Ashwin

Mwanangu Josna,

Pokea salamu na dua za mama yako. Huku wazima, alhamdulillahi, isipokuwa goti langu la kushoto na Kajoli. Wewe je? Unakula? Mumeo Kafil anakula? Ile cherehani ya kiwandani haikuchomi tena vidole? Jibu moja moja, usiniandikie "sote wazima" kama mara ile.

Sasa bata wako. Macho yake, yale yenye mstari mweusi kama kapaka wanja, yamejaa tongotongo, na moja halifunguki kabisa. Puani anatoa povu. Nimemlaza kwenye kapu hapa jikoni, kwenye joto. Nimemwekea chenga za mchele na pumba, na maji kwenye kibakuli cha chai ili asinirushie matope sakafuni. Macho nimempaka manjano. Imamu kanisomea maji. Wapi!

Utauliza kwa nini yuko ndani. Muulize mama mkwe wako. Jioni nikisimama kwenye ngazi za bwawa nikaita choi, choi, choi, wenzake wote wanapanda kwangu. Lakini Kajoli, uliyempaka rangi nyekundu bawani kwa mkono wako mwenyewe ili ajulikane ni wa nyumba hii, ananigeuzia mkia na kuvuka ng'ambo kwa Mama Kafil! Naye kasimama kule, "Njoo mwanangu, njoo." Mwanangu! Nikampigia kelele, "Mkwe, una bata uwanja mzima, huyu mmoja wa nini?" Akacheka. "Mkwe, miguu ni yake, si mimi niliyempa." Basi nikamfungia. Tangu hapo bwawa halioni, tuone atavuka kwenda wapi.

Na hili la mwisho ndilo la kwanza. Juzi tunaosha masufuria, mke wa muuza samaki akaniambia, "Hongera, bibi mtarajiwa." Nikauliza, hongera ya nini? Wote wakainamia masufuria yao. Kumbe una mimba, Josna. Kumbe Mama Kafil umemwandikia zamani. Mimi niliyekubeba tumboni nimeisikia kwa mke wa muuza samaki.

Mama yako


Dhaka, tarehe 26 Ashwin

Mama yangu mpenzi,

Asalamu alaikum. Ninakula. Kafil anakula. Cherehani nimeachana nayo, siku hizi nashona vifungo kwa mkono. Natapika asubuhi, mchana nina nguvu kama ng'ombe. Goti lipake mafuta ya haradali yaliyopashwa moto, usione uvivu.

Ni kweli, nina mimba. Nisamehe, Mama. Lipo neno ambalo ilibidi lipite kwanza pale linapopaswa kupita, ndipo likufikie wewe. Bado jibu halijanirudia. Nikikwambia sasa utavuka bwawa na ufagio mkononi, nakujua. Nivumilie kidogo.

Kuhusu Kajoli nimeuliza. Mama amesema usimtie manjano machoni. Amesema bata huosha macho na pua zake mwenyewe, lakini mpaka apate maji ya kuzamisha kichwa kizima, na akila pumba bila maji ya kutosha zinamkaba. Mpe beseni lenye kina, Mama. Huyo bata nilimkuza mkononi, usiniache nimkose.

Mwanao,
Josna


Kijijini, tarehe 8 mwezi wa Kartik

Josna,

Salamu. Goti vilevile.

Nimesoma "Mama amesema" nikasimama hapo hapo. Nikajiuliza, mimi nimeyasema lini hayo? Nikarudia mstari kwa kidole, maana kusoma kwangu unakujua. Kumbe Mama siku hizi ni mwingine.

Basi mwambie huyo Mama kwamba nami nilizaliwa kwenye maji, bata nimewafuga kabla hajaolewa kijiji hiki. Beseni lenye kina! Leo beseni, kesho atasema mrudishe bwawani, keshokutwa anamwita. Siutaki ushauri wake. Kajoli sasa macho yote mawili yamefunga. Hali kitu. Nikimgusa mdomo anatikisa kichwa kama mzee anayekataa dawa. Usiku naamka kumsikiliza kama anapumua.

Na hilo neno lako nalijua. Unataka kujifungulia kwake. Sema tu. Kitanda cha marehemu bibi yako nimekikaza kamba mpya, na kwa vitambaa vya sari zangu kuukuu nimeshona kishuka cha mtoto, tabaka tatu. Mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa binti. Hata asiyesoma analijua hilo. Lakini kama kule kuna Mama, nitakifungua kile kitanda, kamba nifungie mbuzi.

Mama yako, yule wa zamani


Dhaka, tarehe 2 mwezi wa Agrahayan

Mama,

Asalamu alaikum. Hii ni barua ya tatu tangu ile yako ya kitanda, na hujajibu hata moja. Unaumwa? Kajoli yu hai? Mama Kafil naye kimya. Ile barua yake iliyopita kaniandikia ukurasa mzima wa mambo ya bata, lakini nililomuuliza hakuligusa. Mko wawili kwenye bwawa moja na mimi huku nalia juu ya vifungo. Kafil anasema niache, mtoto atatoka na kununa kama bibi zake.

Andika hata mstari mmoja.

Mwanao,
Josna


Kijijini, tarehe 14 Agrahayan

Mwanangu, macho yangu,

Pokea salamu nyingi na dua nyingi zaidi. Mimi mzima. Usilie, kilio kinashuka kwa mtoto. Mpunga unavunwa, ndiyo maana sikuandika. Na nilikuwa na hasira, hiyo pia.

Asubuhi moja Kajoli alikuwa kalaza shingo kwenye ukingo wa kapu kama kamba iliyolowa. Nikalibeba kapu. Usidhani nilikwenda kwake. Nilipita tu, na njia inapita uani kwake.

Mama Kafil akainua kitambaa akatazama. Akasema, "Mkwe, ulitaka kumla mkavu?" Akaleta beseni kubwa, maji ya uvuguvugu, chumvi kidogo. Mimi nikamshika tumbo, yeye akamuoshea macho kwa kidole mpaka utando ukatoka. Tukamwachia. Josna, alizamisha kichwa chote! Akakitoa, akazamisha tena, akatulowanisha wote wawili mpaka kifuani. Jicho moja likafunguka, likanitazama mimi. Mimi kwanza, yeye mwenyewe kakiri.

Nikamuuliza, "Unamwita vipi hata anakuja kwako?" Akasema, "Si kwa kuita. Nampondea konokono." Konokono tu! Nikamwambia, "Mwizi wewe." Akasema, "Na wewe? Josna aliniomba ruhusa aje kujifungulia kwako, nami nimelikalia neno lake tangu mvua. Nikisema ndiyo, mjukuu atafungua macho yake kwako. Basi nami nikataka angalau bata."

Ndiyo neno lenyewe hilo. Ruhusa huombwa kwa mama mkwe kwanza. Nami nilipokuwa na mimba yako nilimwomba bibi yako mzaa baba kabla mama yangu hajajua, na mama alininunia hivi hivi. Nilisahau kabisa.

Ruhusa amekupa. Ameisema kwa kinywa chake, nami nimemshikilia hapo hapo asije akairudisha. Njoo mwezi wa Magh kabla njia hazijawa za vumbi. Kitanda kipo, kamba sikuzifungua. Yeye ataruhusiwa kuvuka kila jioni kumwona mtoto, lakini kumwogesha ni mimi.

Kajoli karudi bwawani. Anavuka, anarudi, apendavyo. Usimwambie mama mkwe wako, ila kila alfajiri nashuka ukingoni kuokota konokono kabla yeye hajaamka.

Mama yako