Wimbo wa Kijapani Tuliouimba Kanisani

Iringa, Jumamosi, mwezi wa saba. Baridi imeshika tangu alfajiri na upepo haujatulia. Ninaandika nikiwa nimevaa koti ndani ya nyumba. Wasomaji mniwie radhi pale vidole vitakapokosea herufi.

Leo nimejua jambo ambalo ilinipasa kulijua miaka mingi iliyopita.

Kesho tunamkumbuka marehemu mke wangu, Mama Tumaini, aliyetutoka mwaka jana. Kwaya yetu ya zamani ya Ubaruku, nilikokuwa mwalimu wa shule na pia wa kwaya, imekuja kuimba wimbo alioupenda kuliko zote. Naomba nieleze jinsi ulivyotufikia.

Jirani yetu kule alikuwa mtaalamu wa mpunga kutoka Japani, na mke wangu ndiye aliyemfundisha Kiswahili. Mkataba wake ulipokwisha alimwachia kaseti ya kwao. Humo mwanamke aliimba Kijapani, kinanda kikiunguruma chini ya sauti yake na wanawake wengine wakimwitikia. Mimi nimelelewa misheni. Nikisikia kinanda na waitikiaji, nasikia kanisa. Sikumwuliza mtu. Niliandika sauti zote nne kwa solfa, nikatunga maneno ya Kiswahili juu ya rehema ya Bwana, tukauimba kila Pasaka na kila Kipaimara.

Asubuhi hii mjukuu wangu Neema alikuwa akikoroga uji, simu yake ikaanza kuupiga wimbo ule. Ulikuwa umerudiwa na msichana wa Kijapani wa siku hizi, kwa gitaa moja tu, polepole, bila kinanda wala waitikiaji. Niliutambua kabla sijajua ninachokitambua. Maneno ya Kiingereza yalikuwa yakipita chini ya picha, nikavaa miwani.

Mwanamke anamsihi mumewe asizime taa bado. Wacheze dansi mara moja tena hapo jikoni, kabla hajaenda kazini.

Hakuna Bwana mle. Hakuna rehema.

Neema alicheka mpaka akakaa chini. "Babu, hiyo ni soul, muziki wa mapenzi. Wajapani waliiga Wamarekani weusi wa zamani. Kwa hiyo mmeimba mapenzi mbele ya mchungaji?"

Nilimjibu kwamba inaelekea ndivyo.

Lakini si hilo lililonitikisa. Yule msichana, kabla ya mstari wa mwisho, alisita kidogo, kama mtu anayekusanya ujasiri. Mwimbaji wa kaseti hasiti pale. Niliandika kila pigo, najua. Mke wangu, aliyeimba sauti ya pili, ndiye aliyekuwa akisita pale. Nilimkemea mara nyingi, mbele ya wenzake, kwamba anachelewesha mapigo. Aliinamisha kichwa, na Jumapili iliyofuata akasita tena.

Hawakuonana. Hawakusikiana. Mmoja yuko Japani na mwingine amelala kaburini, na wote wawili wamevuta pumzi mahali pamoja. Nilimwomba Neema aurudie, kisha aurudie tena, hadi uji ukaungua.

Hata hivyo nimekuwa mzee wa kanisa, na dhamiri ilinisumbua. Niliona wimbo wa namna hiyo haufai kuimbwa ibadani. Kwaya ilipowasili saa nne na Coaster ya kukodi, na akina mama wakaketi uani kumenya viazi vya kesho, nilimwendea kiongozi wao, Mama Sanga. Niliungama kosa langu na kumwomba achague wimbo mwingine kitabuni.

"Kamwene kwanza, Mwalimu," alisema. Kwa fadhaa nilikuwa nimesahau hata kumsalimu. Kisha, akiendelea kumenya: "Sisi wa sauti ya pili tulijua tangu zamani. Yule Mjapani alimweleza Mama Tumaini maana ya maneno yote. Naye alituapisha tusikuambie."

Nikauliza kwa nini.

"Ungeufuta. Unajijua. Alisema, mume wangu hachezi dansi, lakini Jumapili anasimama mbele yangu na kunipungia mikono wimbo mzima."

Wenzake waliinamia sufuria, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Ni kweli, sikucheza naye hata siku ya harusi yetu. Tulifundishwa kwamba dansi ni mlango wa dhambi, nami sikuwahi kumwuliza yeye anaonaje. Kumbe miaka yote ile, mbele ya usharika mzima, ndani ya maneno niliyoyatunga mwenyewe, mke wangu alikuwa akiniomba nisizime taa. Nami nilikuwa nikihesabu mapigo.

Nimemwomba Mungu msamaha. Nimemwomba na mke wangu, kwa sauti, chumbani.

Kisha nimerudi uani kumwambia Mama Sanga wauimbe. Ameniomba niuongoze mwenyewe, na nimekubali. Kesho baada ya somo la pili nitasimama mbele yao. Magoti yangu yana baridi yabisi, lakini dansi aliyonichezesha Mama Tumaini ilihitaji mikono tu.