Fundo Nililolifunga Baharini

Mayfair, Johannesburg
Majira ya baridi, 2012

Kwako mama yangu mzazi, Bi Mwajuma,

Shikamoo mama. Naitoa mara tatu: moja yako, moja ya magoti yako yanayokusumbua, na moja ya akiba, maana mbele huko naweza kukosa adabu. Mimi ni mzima. Vidole vyangu kumi vyote vipo, na ukiendelea kusikiliza utajua kwa nini nimeanza kwa kuvihesabu.

Kabla sijafika mbali, nina neno na msomaji. Shabani, mdogo wangu, najua ni wewe unayesoma, kwa sababu barua zote za nyumba hiyo hupitia mdomoni mwako, na nyingine hupungua njiani. Hii soma yote. Usiruke, usifupishe, usiseme "hapa anasalimia tu." Nimempigia simu shangazi Zuhura aje akae ubavuni mwako na miwani yake. Kila ukimaliza ukurasa, mpe aukague. Nimeandika kwa sababu simu ya nyumbani ni yako, na kila nikiomba kuongea na mama naambiwa mama anaswali. Sijapata kuona mtu anayeswali saa nne asubuhi kila siku.

Mama, na ule mzigo uliokuja pamoja na barua hii usifunguliwe mpaka nimalize.

Wiki mbili zilizopita Shabani alinipigia. Salamu hakuwa nazo. "Kaka, unanibania," akasema. "Wakala yuko tayari, nafasi ya melini ipo, kinachongojewa ni sahihi yako tu. Hata mama anashangaa."

Nikamuuliza mama amesemaje.

"Mama amesema sahihi ni wino tu. Amesema labda umeshashiba, hutaki mwenzio aonje."

Sijui kama hayo ni maneno yako au ameyatia chumvi. Lakini yamenikwama kooni kama mwiba wa samaki wa mgebuka, na nina hasira, mama. Ni nyingi, hainitoshi kifuani, kwa hiyo nitaigawa. Wewe utapata kijiko. Shabani atapata sahani. Wenye ofisi ya wakala, kule Randburg, watapata sufuria. Ukoko nitaukwangua mwenyewe.

Unaikumbuka ile picha yangu nimesimama kwenye ngazi yenye zulia jekundu, uliyoionyesha Ujiji nzima? Picha ile ilipigwa siku ya kwanza, kwa dakika moja, kisha tukafukuzwa pale. Ngazi ile sikuiona tena. Mimi nilikuwa dobi, mama. Dobi wa meli hukaa chini kabisa, chini ya usawa wa maji. Samaki walikuwa wakipita juu ya kichwa changu. Nimevuka Atlantiki mara sita, na ukiniuliza bahari ile ina rangi gani nitakwambia nyeupe, kwa sababu ndiyo rangi iliyopakwa ukutani.

Nilikuwa na Nestori. Humjui, lakini jina lake ulisikie vizuri. Ni Mrundi, Mkristo, fundi cherehani. Chumba chake na changu hapa Mayfair vinatenganishwa na ubao mmoja, hata akikohoa mimi ndiye nasema pole. Alikuwa akishona kanzu za harusi za watu wa Fordsburg. Hakati kwa chaki. Anaangalia bega lako, anakata. Wakala wa Randburg alimchukua awe fundi wa kushona sare za melini, na mimi dobi, siku moja, kwa mkataba mmoja.

Safari yenyewe ilikuwa Januari, kutoka Uingereza kwenda Amerika. Ziwa letu likichafuka unalijua: linapiga kelele, linavunja vitu, linatulia, watu wanahesabiana. Atlantiki ya Januari, huko chini tulipokuwa, haina kelele. Inakunyanyua polepole, kama mtu anayetaka kukuonyesha kitu ng'ambo ya ukuta, halafu inakuachia. Inakunyanyua tena. Siku ya tatu nusu ya madobi walikuwa vitandani na ndoo. Vikombe tulivifunga, viti tulivifunga, mwenzetu mmoja alijifunga mwenyewe.

Msimamizi wetu tulimwita Kengele, kwa sababu aligonga bomba kabla ya kusema. Akaja, akagonga, akamtoa Nestori kwenye cherehani yake na kumweka kwenye mashine ya pasi.

"Mimi ni fundi, si dobi," Nestori akasema.

"Leo kila mtu ni dobi," Kengele akajibu.

Sasa sikiliza ufundi wa wakubwa. Bahari ikichafuka, kule juu wanakokula abiria, vitambaa vya meza hulowanishwa maji ili sahani zisiteleze. Hilo lina akili, silipingi. Lakini lazima vitambaa hivyo vipigwe pasi kwanza! Vinyooke, vikunjwe kwa mistari minne, vipelekwe juu, ndipo mhudumu avimwagie jagi la maji. Nikasema, "Bosi, si tuvipeleke vibichi hivi hivi? Vimetoka majini, vinaenda majini."

Kengele akaniangalia kama nimemtukania mzazi. "Abiria amelipia kitambaa kilichopigwa pasi."

Nestori akaninong'oneza, "Basi wamlowanishe abiria mwenyewe."

Tukacheka. Namkumbuka akicheka, ndiyo maana nakuandikia.

Mashine ile ina rola la moto, refu kama kitanda cha harusi. Unaingiza kitambaa upande huu, kinatokea upande wa pili kimenyooka. Mbele ya rola kuna bomba jembamba ambalo sisi tuliliita mlinzi: ukiligusa tu kwa mkono au kwa kifua, mashine inasimama. Limewekwa kwa ajili ya vidole vya watu. Siku ile meli ilivyokuwa ikilala huku na kule, tulikuwa tunaangukia mlinzi kila dakika, na mashine inasimama kila dakika, na juu kule wanangoja vitambaa vyao vya kulowanisha. Kengele akagonga bomba lake la ukutani.

"Kifunge hicho kitu," akasema. Aliniambia mimi. Halafu akaondoka.

Nikakifunga.

Shabani, hapo usipunguze sauti. Nasema nilikifunga mimi, kwa mikono yangu, kwa kitambaa cha kufutia midomo kilichokuwa bado kibichi. Na nilikifunga kwa fundo lako, mama. Fundo la gunia la dagaa, ulilonifundisha pale uani nikiwa mdogo, ukinipiga kwenzi kila likilegea. "Gunia likifunguka Tabora, nani atapanda treni kwenda kuokota?" Unakumbuka? Basi halikuwahi kufunguka Tabora, na halikufunguka Atlantiki.

Haikupita nusu saa. Meli ikainuka, ikakaa juu muda mrefu kuliko kawaida, ikaanguka kwa ubavu. Nestori akateleza, akanyoosha mkono wa kulia ajishike. Mbele yake palikuwa na rola.

Mimi niliruka kwenye fundo. Hilo ndilo linaloniamsha hadi leo. Kitufe chekundu cha kuzima mashine kilikuwa mwisho wa chumba, hatua kama kumi. Mkasi wa Nestori ulikuwa mfukoni mwa aproni yake, karibu na mkono wangu kama chumvi mezani. Lakini mimi nilikuwa nafungua fundo! Nalifungua kwa kucha, kwa meno, na kitambaa kibichi kinazidi kujikaza. Kwa nini sikulikata? Kwa sababu kwenu kamba haikatwi. Kamba inafunguliwa, inakunjwa, inawekwa kwa gunia la kesho. Mwenye kukata kamba uani kwako alikuwa analala bila mboga. Nestori anapiga mayowe kwa Kirundi, na mimi naokoa kitambaa.

Mwishowe nikakimbilia kitufe. Vidole vinne havikurudi. Vitambaa vya meza vilikuwa tayari vya kutosha, wakavichukua.

Mama, sikulaumu kwa fundo. Fundo ni zuri. Namlaumu aliyesema funga, na aliyefunga.

Nestori alirudishwa Johannesburg kwa ndege. Mimi nikamaliza mkataba nikarudi. Nikaitwa Randburg. Yule mama wakala alinikalisha kwenye kiti laini, akaniletea chai na biskuti, jambo ambalo lilinitia wasiwasi mara moja. Akasukuma karatasi mbele yangu.

"Ni utaratibu tu. Weka sahihi hapo chini, sharp-sharp, uende. Na nimesikia una mdogo wako anatafuta kazi. Nafasi ya safari ijayo ni yake."

Nikaomba kuisoma. Akashangaa kana kwamba mbuzi ameomba gazeti.

Mama, mimi shule niliiacha darasa la tano, unajua ilivyokuwa. Kiingereza nimekiokota kwenye mabango, makopo ya rangi na mikataba ya watu wengine. Lakini nilisoma. Imeandikwa kwamba mimi, shahidi, naapa mashine ilikuwa nzima. Kwamba mlinzi alikuwa wazi na anafanya kazi. Kwamba fundi aliingiza mkono kwa uzembe wake mwenyewe. Karatasi hiyo ikipata sahihi yangu, Nestori halipwi chochote, na hakuna atakayemsikiliza tena. Kuna sahihi yangu tu kati ya vidole vyake na neno "uzembe."

Nikasema nitafikiri. Ndipo wakala akampigia Shabani moja kwa moja, na Shabani akaacha kulala. Amenunua viatu vyeusi. Baba mdogo amesoma dua ya safari, kuku watatu wamechinjwa. Kwa ajili ya karatasi ambayo hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza imeandikwa nini! Wino tu. Hata hati ya talaka ni wino tu, mama, na wewe ulilia miezi sita.

Samahani. Hicho kilikuwa kijiko chako.

Nikaenda upande wa pili wa ubao nikamwambia Nestori yote, pamoja na suala la Shabani. Nilitaka anitukane. Alikuwa amekaa mbele ya cherehani, mkono wa kulia umefungwa kama ngumi ya mtoto.

"Saini, bwana," akasema. "Mdogo wako aende. Vidole havitaota kwa sababu wewe umekataa."

"Na wewe utakula nini?"

"Eish. Nyinyi Watanzania munapenda maswali. Saini, tutaona."

Halafu akachukua sindano kwa mkono wa kushoto, akaibana katikati ya magoti, akaanza kutafuta tundu kwa uzi. Mara ya kwanza akakosa. Mara ya nne akakosa. Mtu aliyekuwa anakata nguo bila chaki. Mara ya saba akasema bila kuniangalia, "Nitungie."

Nikamtungia. Kesho yake nikaandika.

Shabani, vuta pumzi, hii ndiyo sahani yako. Niliandika kurasa nne. Nimeandika nani alisema funga, nani alifunga, kwa kitambaa gani, na kwamba vitambaa vya meza vilikuwa vinapigwa pasi ili vikalowanishwe. Nimepeleka kwa wakili mmoja mjini anayesaidia wakimbizi. Aliniuliza mara tatu, "Unaelewa kuwa unajitaja mwenyewe?" Nikasema naelewa. Nikaweka sahihi. Ule wino ulikuwa mzito kuliko gunia lolote nililobeba stesheni ya Kigoma.

Wakala amekwisha kupata habari. Alinipigia nikiwa nasubiri robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, iwe ya kijani nivuke. Akasema mimi na ukoo wangu tusahau meli. Nilisubiri pale mpaka robot ikageuka mara tatu. Kwa hiyo nafasi yako, Shabani, haipo. Haijachelewa wala haijakwama. Nimeitupa mimi, nikiwa na akili zangu timamu. Kasirika, una haki. Lakini ukianza kusema kaka ana wivu, sema pia karatasi ilikuwa inasemaje, sawasawa kama ulivyoisoma hapa. Viatu ni vizuri hata nchi kavu.

Mimi sasa nauza soda na mkate kwenye spaza, kiduka cha mtaani, cha Msomali mmoja, mtu wa kelele lakini analipa. Kesi haijulikani itaishaje. Wakili hakuniahidi kitu, nami siwaahidi.

Nisalimie shangazi Zuhura, mkaguzi wetu. Mwambie asante kwa miwani. Nisalimie baba mdogo aliyesoma dua, mwambie haikupotea: aliomba mtoto asidhurike baharini, na hatadhurika. Dada Mwamini na mapacha wake niwabusie, hata yule anayeng'ata.

Sasa mzigo. Ndani kuna gauni lako. Limeshonwa na Nestori. Kwa wiki mbili mimi nilikuwa mkono wake wa kulia: anasema vuta, navuta, anasema jinga wewe, nalegeza. Mshono wa kwapa la kushoto umepinda. Huo alikataa nisiuguse, akaushona peke yake kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Usimpe fundi mwingine aunyooshe.

Mzigo nimeufunga mwenyewe, na mikono haijui fundo jingine. Usihangaike nalo, mama, wala usimruhusu Shabani alifungue kwa meno. Chukua kisu, ulikate.

Ni mimi mwanao,
Ramadhani