Kompyuta ya Babu Ilikuwa Yako

Kurayoshi, Tottori
22 Septemba 2024

Kwa Dada Misao ninayempenda,

Mnaendeleaje huko Asahikawa? Taarifa ya hali ya hewa inasema kwenu usiku watu wameshaanza kuvuta mablanketi. Huku joto bado linatuchezea, ingawa peasi za mwisho zimeshachumwa na wenye mashamba wamekunja nyavu zao. Goti la Shemeji Shigeto limepungua kuuma? Na mgongo wako je, na yale masufuria ya chekechea unayonyanyua kila siku? Sisi ni wazima. Mke wangu Sachie anakushukuru kwa mahindi uliyotutumia. Anasema tulikula pamoja, lakini mimi nilipata mawili tu.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Kwenye simu utacheka, na mimi nitacheka, na jambo litaishia hapo. Nimeshajaribu mwezi huu, nikaishia kukuuliza habari za mvua. Ni jambo letu mimi na wewe, la zamani, lakini sasa limemfikia mwanao Fuyumi, ndiyo maana siwezi tena kulinyamazia.

Unaikumbuka kompyuta ya Babu? Najua unaikumbuka. Muuzaji alimwambia itamhesabia makreti ya peasi, naye akaamini. Baada ya msimu mmoja akarudi kwenye shanga zake za kuhesabia, akasema ile mashine inauliza maswali kuliko karani wa serikali. Ikawa yetu sisi wawili, kwa kuwa nyumba zetu zilikuwa mtaa mmoja na kwa Babu ndiko tulikoshinda.

Siku hizi nikiwa barabarani na gari langu la mitungi ya gesi, nikisimama kwenye taa nyekundu, nakumbuka vile tulivyokuwa tukikaa. Jarida la magemu ya kuchapa wenyewe limefunguliwa kwenye mkeka, kurasa nzima zimejaa namba na alama. Mimi nasoma, wewe unachapa. Nukta moja ikikosewa, gemu zima linagoma, tunarudi mwanzo kutafuta. Wewe uliweza kuchapa huku unatafuna, na mimi nikichoka sauti inakuwa moja tu, unaniambia, "Noriaki, soma kama mtu aliye hai. Siyo kama tangazo la stesheni."

Halafu kuhifadhi kwenye kaseti. Ile sauti! Bibi alisema ni kama mtu anakaanga nyenje. Na wakati wa kulipakia gemu kutoka kwenye kaseti nyumba nzima ilitembea kwa ncha za vidole, kwa sababu mtu akikanyaga kwa nguvu kinasa sauti kinaruka na kazi yote imeharibika. Hata Babu, na ukali wake wote, alipita nyuma yetu kama mwizi, amebeba viatu mkononi. Tulikuwa tunakunywa chai ya shayiri tukisubiri, tunaangalia tu ile kaseti inavyozunguka. Watoto wa leo hawawezi kusubiri namna ile. Sijui kama na mimi ningeweza tena.

Katika yote tuliyochapa, lile la pango ndilo tulilolipenda. Halikuwa na picha hata moja. Sisi tulikuwa herufi V inayoshuka, kuta za pango zilikuwa nyota nyota, na pango linazidi kuwa jembamba. Kazi yako ni kwenda kushoto na kulia usiguse ukuta. Ni hivyo tu, na tulikesha nalo majira mazima ya joto. Wewe ulikuwa hodari, Dada. Vidole vyako havikuwa na haraka. Mimi nilikuwa nagonga ukuta mapema, na wewe unaniambia, "Pango limekumeza tena? Litavimbiwa bwana, lihurumie."

Na ni wewe uliyenionyesha mstari wa kusubiri. Unakumbuka? Nilikuuliza kwa nini pango halishuki lote kwa mara moja. Ukaweka kidole chako kwenye ukurasa ukasema hapa, mstari huu unaiambia kompyuta ihesabu kimya kimya kabla ya kusogea. Ukiongeza namba hii, pango linashuka polepole. Ukipunguza, linakimbia. Ulinieleza kwa uvumilivu, hukunicheka. Nataka ukumbuke hilo unaposoma yanayofuata.

Mwezi wa nane mwaka ule baba yako, Baba Mdogo Eikichi, akahamishiwa kazi Hokkaido. Mkawa mnaondoka mara baada ya Obon, siku zile za kuwakaribisha wazee wetu waliofariki. Kompyuta haikatwi vipande viwili. Babu akaamua tushindane kwenye pango, zamu moja moja, mwenye alama nyingi aichukue moja kwa moja. Yeye atakuwa mwamuzi. Alisema hajui chochote kuhusu gemu lakini namba anajua kusoma. Bibi akatupa sharti lake: tumalize kabla ya saa sita, kwa sababu televisheni ilikuwa moja, ile ile tuliyounganisha na kompyuta, na timu ya mkoa wetu ilikuwa inacheza besiboli ya shule za sekondari.

Kila mtu mtaani alijua itakuwa yako. Mimi ndiye niliyelijua zaidi.

Nililalamika kwamba ukikaa karibu utanitania na mikono yangu itatetemeka. Nikaomba anayesubiri akae nje barazani, atazame bustani. Ukakubali, ukaenda kukaa na kipande chako cha tikiti maji. Babu alikuwa jikoni anasubiri kuitwa aje asome namba. Kaseti ilipomaliza kupakia nilikuwa peke yangu sebuleni. Kabla ya kuanza nikaandika upya ule mstari wa kusubiri. Niliongeza namba. Siyo sana. Nilikuwa nimeshajaribu siku mbili kabla, nikajua kiasi gani kinanitosha.

Nikashuka pango lile kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake. Nikapata 9,120. Babu akaja, akasoma, akaguna.

Halafu nikasema mashine imepata moto, tuizime ipoe kidogo. Bibi aliniunga mkono, akaleta na feni yake ya mkono. Ulidhani namjali mzee wa watu na mashine yake. Lakini unajua vile ilivyokuwa: ukizima, inasahau kila kitu. Tulipowasha na kulipakia gemu upya kutoka kwenye kaseti, mstari ulikuwa ule ule wa kwenye jarida. Hakuna aliyebaki anakumbuka isipokuwa mimi.

Ulipata 8,640. Kwa pango linalokimbia, Dada. Nikiwa barazani nilisikia Babu anaisoma ile namba, na ganda la tikiti likaniponyoka mkononi.

Jambo moja limenitafuna kuliko mengine. Mchana ule Bibi alinung'unika wakati wa kula. Alisema zamu ya Noriaki imemlia mwanzo wote wa mechi, ila ya Misao ilikwisha upesi, mtoto mwenye adabu. Tukacheka sote. Alikuwa amelisema wazi, mezani, mbele ya kila mtu, kwamba mimi nilicheza muda mrefu kuliko wewe kwa alama zinazokaribiana. Ungefikiri kidogo tu ungegundua. Nilikuangalia nikaona hufikirii hayo. Ulikuwa unaangalia mikono yako.

Uliifuta ile kompyuta kwa kitambaa wewe mwenyewe ndipo ukanipa. Ukaizungushia kaseti mpira wa kufungia. Ukaniambia, "Basi, imempata anayeijua. Usimruhusu Bibi arekodi nyimbo humu."

Nyumbani kwangu sikuchapa gemu jingine hata moja. Bila wewe sikujua nianzie wapi. Mwaka uliofuata ikaingia kabatini.

Sasa nikueleze kwa nini nakuandikia leo. Kwenye kumbukumbu ya Bibi mwezi uliopita, Fuyumi alituambia anataka kwenda chuo akasome kutengeneza programu za kompyuta. Wewe ulicheka, ukamwambia, "Mwanangu, hayo muulize mjomba wako, ndiye aliyenishinda. Sisi mikono yetu ni ya mwiko." Mtoto akacheka pia, lakini uso ukamshuka. Akanigeukia mimi. Na mimi, mtu mzima wa miaka hamsini na moja, nikainama nikaendelea kutoa miiba kwenye samaki.

Sikujua kama uliibeba siku ile namna hiyo. Nilidhani ulishaisahau. Kumbe uliibeba mpaka ukamtwisha na mwanao.

Niliporudi nikaishusha kompyuta kabatini. Televisheni zetu za sasa hazikubaliani nayo. Mama Adachi, mjane ninayempelekea gesi, alikuwa na televisheni ya zamani stoo, akanipa. Kaseti iligoma kwanza, halafu ikaingia. Sachie alitokea mlangoni akaniuliza kama nachinja birika. Nilimweleza kila kitu usiku ule. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba aliyestahili kuambiwa siyo yeye.

Nimelicheza pango jioni nyingi tangu hapo, mstari ukiwa ule ule wa kwenye jarida. Alama zangu za juu kabisa ni 3,070. Huo ndio uwezo wangu wa kweli. Alama zako hazijawahi kushindwa na mtu, Dada. Hata siku ile.

Ulipoteza kitu chako kwa sababu yangu, na sina namna ya kukurudishia miaka. Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi bado, nitasubiri, wala sitakulaumu. Lakini Fuyumi mwambie kabla hajachagua chuo mwisho wa mwaka. Ukiona aibu kunisema, mpe barua hii aisome mwenyewe. Ajue mikono ya mama yake ilikuwa ya nini.

Kesho gari la mizigo litakuja kuchukua boksi. Ndani kuna kompyuta, kinasa sauti, kaseti, jarida letu, na televisheni ya Mama Adachi nimeifunga kwa mablanketi. Peasi ziko kwenye boksi lake. Mtakapolipakia gemu, mwambie Shemeji asitembee.

Nisalimie Baba Mdogo Eikichi utakapokwenda kumwona, umwambie ile fimbo yake ya kuvulia ninayo bado. Nisalimie Shemeji Shigeto, na Fuyumi umkumbatie kwa niaba yangu. Mungu na wazee wetu waliotangulia wawalinde na baridi ya mwaka huu, isiwakute na ugonjwa wala huzuni.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda, na ambaye hakukushinda,

Noriaki